Uzi: Nataka simu ipige kwenye redio ya Becker ya gari ya marehemu baba, bila kuitoboa

#1 MwanaTudor
Salaam aleikum wakuu. Nina Mercedes 200 ya 1983, bodi ile ya W123, gari ya marehemu baba. Ilikaa miaka sita chini ya mwembe hapa Tudor na mwaka huu nimeamua kuiamsha, injini sasa yaenda, breki nishafanya, kilichobaki chanikosesha usingizi ni redio. Ni Becker Europa yenye kaseti, ile ile aliyokuwa nayo baba siku zote. Yashika stesheni, usiku taa ya pale penye masafa yawaka manjano hafifu, na sauti yatoka nzito ile ya zamani.

Kila fundi niendaye kwake aniambia toa hio weka Android ya inchi saba na kamera ya nyuma. Sitaki. Nataka mtu akifungua mlango aione dashibodi kama baba alivyoiacha, lakini safari nisikilize vitu vyangu vya simu. Sasa swali, kuna njia gani ya kuingiza sauti ya simu kwenye redio hii hii bila kutoboa uso wake wala mbao za dashibodi? Na alojaribu atwambie sauti huwa vipi.

Kitu kingine, ndani mna kaseti imekwama. Nikimulika na tochi naona lebo ya Mbwana Radio Service, kwa hivo ni taarab. Haitoki na sijailazimisha.

#2 KijanaWaMajengo
Mkuu wajisumbua. Nunua transmita ya FM ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, mimi yangu nilipata mia nane, waiweka 88.1, redio nayo 88.1, simu bluetooth, basi. Dakika mbili kazi imekwisha.

#3 DadaLikoni
@KijanaWaMajengo kwa mtu wa Bamburi labda. Mimi navuka feri kila siku kwenda kazini na kurudi, na kwenye foleni ya Likoni kila gari ina hio transmita yako na wote mumeweka 88.1. Kuna asubuhi nilisikiliza mawaidha ya gari la mbele yangu dakika kumi nzima nikidhani ni simu yangu imejibadilisha wenyewe. Mawaidha yalikuwa mazuri lakini si yangu.

Na hata ukipata nafasi tupu mjini, ukishafika upande wa pili stesheni nyengine yaja juu yako, sauti yapasuka. Nilichoka nikatupa.

#4 FundiKibokoni
Hongera kwa kuitunza gari ya mzee, MwanaTudor. Mimi redio nazifungua tangu ujana wangu, wacha nieleze taratibu.

Redio ya zamani ndani ni vitu viwili. Kuna tyuna, yeye hukamata stesheni na kuitoa kama sauti ndogo sana, robo ya volti hivi au chini ya hapo. Halafu kuna amplifaya, yeye huichukua ile sauti ndogo akaikuza mpaka isukume spika. Na katikati yao kasimama kidhibiti cha volyumu, huyo ndo mlango. Mguu wake mmoja umekaa erthi, yaani umeungwa na chuma cha gari, mguu wa juu wapokea kutoka kwa tyuna, wa katikati wapeleka kwa amplifaya. Ukileta sauti ya simu kwenye ule mguu wa juu, amplifaya haijui kama ni stesheni au simu, yeye akuza tu, na nobu ile ile aliyokuwa akiizungusha baba yako ndo itapandisha na kushusha. Simu yatoa sauti kubwa kuliko tyuna kwa hivo nguvu utapata na kubaki.

Masharti. Kwanza weka kapasita njiani, mikrofaradi 1 mpaka 10, kwa sababu pale mara nyengine pana volti tuli na hutaki zirudi kwenye simu. Pili ukate njia ya tyuna wakati simu yapiga, la sivyo utasikia Baraka FM chini ya kisomo chako. Kuna jeki, yaani soketi za kuchomekea waya wa simu, zenye swichi ndani, ukichomeka waya zakata tyuna zenyewe, ukichomoa tyuna yarudi. Tatu waya uwe ule wenye ngao ya wavu, na ile ngao uiunge upande mmoja tu, kwenye mguu wa erthi wa volyumu. Jeki yenyewe waificha kwenye kisanduku cha majivu ya sigara. Hapana tundu hata moja.

Angalia nyuma ya volyumu, ukiona safu mbili za miguu basi ni stereo, kila safu na upande wake.

#5 Nahodha504
Shukran Fundi kwa darasa. Mimi kwenye Peugeot 504 yangu nilipita njia fupi, nilinunua kaseti adapta. Ni kaseti ya bandia yenye waya, ndani ina hedi ndogo, kile kisomeo cha utepe, inayotazamana na hedi ya deki, sauti yaruka kwa sumaku bila kuchomelea kitu. Nilishangaa, sauti ni safi kuliko transmita, besi ipo. Nimesafiri nayo mpaka Lamu na kurudi.

Tatizo ni jua letu. Niliiacha juu ya dashibodi siku moja pale Marikiti, kurudi imepinda kama ndizi.

#6 KijanaWaMajengo
Nahodha lakini yeye kasema kaseti imekwama, adapta ataitia wapi?

#7 FundiKibokoni
Ndio. Na deki zinazogeuza upande zenyewe huhangaika na adapta, yageuza, yageuza, mwisho yaitema. Kabla ya yote lazima ule mkanda wa mpira wa deki utazamwe. Kwa joto la Mombasa na miaka arobaini huwa umeyeyuka umekuwa kama lami, na kaseti kukwama mara nyingi chanzo ni huo. Usivute kaseti kwa koleo MwanaTudor, utepe utakatika.

#8 Kongowea_Kwetu
Samahani naingilia. Mimi gari yangu ni Corolla ya kutoka Japani, redio yake ya kiwandani haishiki stesheni nyingi, ni moja mbili tu, nimebadilisha antena mara mbili. Je njia ya mzee Fundi yafaa na mimi? Antena za Japani ni dhaifu nadhani.

#9 MkaziWaMtwapa
@Kongowea_Kwetu antena haina kosa ndugu yangu. Redio ya Japani masafa yake ya FM huanza 76 yakaishia 90, na sisi zetu ni 87.5 mpaka 108. Mnapokutana ni pale 87.5 hadi 90 tu ndo maana wapata hizo mbili. Dawa yake ni ekspanda, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya antena na redio, kazi yake ni kushusha masafa. Ukifunga ya megahezi 16, Baraka FM ya 95.5 utaisikia kwenye 79.5. Kila fundi wa redio anayo.

Lakini hesabu, 76 mpaka 90 ni megahezi 14 tu, kwa hivo hata na ekspanda kuna kipande cha juu hukipati.

#10 Kongowea_Kwetu
Allah, na ile antena ya pili nilinunua elfu mbili. Shukran.

#11 FundiKibokoni
Na mlango wa volyumu kwake upo pia, lakini redio nyingi za Japani za miaka ya 90 volyumu yake ni ya vitufe, hakuna kidhibiti cha miguu mitatu, kazi yafanywa na chipu. Hapo watafuta chipu yenyewe. Kama redio ina soketi ya chenja ya CD, kile kisanduku cha kubadilisha CD, mgongoni ni rahisi zaidi, sauti yaingilia hapo, ila redio lazima iaminishwe kwamba chenja ipo ndipo ifungue mlango. Kuna visanduku vya kazi hio.

#12 MwanaTudor
Wakuu nimerudi. Ijumaa baada ya swala nilikaa nayo mpaka magharibi. Nobu zavutwa tu zatoka, nyuma yake mna nati mbili, redio yaja mbele. Nilipoigeuza juu ya meza ukamwagika mchanga, mchanga mweupe wa pwani kabisa, kijiko kizima. Baba alikuwa akitupeleka Shelly Beach Jumapili na sisi twaingia garini na miguu ya mchanga yeye aguna. Nilikaa nao kidogo ule mchanga. Nimeutia kwenye kichupa.

Mkanda wa deki kweli ni lami, mzee Fundi umesema kweli. Kaseti nimeitoa kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole, pole pole, utepe mzima.

Volyumu ina safu mbili lakini kila safu ina miguu minne si mitatu. Ule wa nne ni nini?

#13 FundiKibokoni
Mashallah. Wa nne ni wa laudnesi, uko katikati ya njia ya kaboni, kazi yake ni kuongeza besi sauti ikiwa chini. Uwache kama ulivyo. Chukua mita pima kutoka erthi, miguu miwili upinzani wake haubadiliki ukizungusha nobu, wa juu na huo wa laudnesi, na wa juu ni ule wenye upinzani mkubwa zaidi.

#14 MgeniKutokaBara
Mbona musitumie njia rahisi? Deki ishakufa, hedi ya kaseti ina waya zake, kata pale unganisha simu. Amplifaya ya kaseti tayari iko pale.

#15 Chuma_ya_Changamwe
Ndugu yetu wa bara karibu Mombasa lakini hapo umetupeleka baharini 😄

#16 FundiKibokoni
@MgeniKutokaBara wazo si baya lakini lina mtego. Hedi hutoa chini ya milivolti moja, simu hutoa mamia ya milivolti. Ile amplifaya ndogo ya hedi itazidiwa mara mia, sauti itapasuka kama spika ya mnada. Na hata ukiipunguza kwa rezista, pale mna saketi ya kusawazisha utepe, yanyanyua besi makusudi, basi nyimbo zako zitavuma kama ziko ndani ya pipa. Ukitaka njia ya kaseti ingia baada ya ile amplifaya ya hedi, hapo utakuwa sawa.

#17 MgeniKutokaBara
Nimeelewa mzee, asante.

#18 BabaSerie
Nimesoma kimya lakini lazima niseme hili kabla mtu hajaunguza kitu. Mwenye gari ya zamani zaidi ya hizo zenu aangalie erthi yake. Land Rover yangu ni Series IIA, kabla ya 1967 Land Rover zilikuwa na chanya kwenye chasisi, na Morris Minor nyingi ni hivo hivo. Chuma cha gari ni chanya! Sasa mimi niliweka jeki kwenye redio, ngao ya waya imegusa bodi ya redio ambayo ni chanya, halafu simu nikaichaji kwa chaja nilioifunga kinyume ili iwe sawa na betri. Hasi ya chaja na ngao ya jeki zikakutana ndani ya simu. Moshi. Waya wa oksi, ule wa kutoka simu mpaka jeki, uliyeyuka mkononi mwangu, alama ninayo mpaka leo kwenye kidole gumba.

Na wenye redio za valvu wasiguse kabisa bila fundi, mle ndani mna volti mia mbili na zaidi japo betri ni 12 au 6.

#19 DadaLikoni
Pole sana ami. Kwa hivo gari kama hio haiwezekani?

#20 BabaSerie
Yawezekana mwanangu. Niliweka kipokezi cha bluetooth na umeme wake ukapita kwenye kibadilishi kilichotengwa, kwamba hasi ya kuingia na hasi ya kutoka hazijuani. Simu haishiki waya wowote wa redio. Miaka mitatu sasa yapiga.

#21 MwanaTudor
Pole ami na shukran. Yangu nimepima, hasi ni chasisi, niko salama.

Nimechomelea leo. Kapasita mbili za mikrofaradi 10, waya wa ngao, jeki ya swichi ndani ya kisanduku cha majivu. Nimejaribu juu ya meza kwa betri ya pikipiki, WALLAHI sauti ni nzito sijawahi kuisikia kwenye gari zetu hizi za sasa. Mama kaja mlangoni akasimama. Kesho nairudisha garini.

#22 Nahodha504
Tabarakallah! Tusubiri sauti ya garini.

#23 KijanaWaMajengo
Redio yangu mimi ni mono, spika moja, niunge waya wa kulia na wa kushoto pamoja nitie hapo?

#24 MkaziWaMtwapa
Usiunge moja kwa moja, upande mmoja wa simu utakuwa wasukumana na mwenzake. Tia rezista ya kilo-omu moja kila upande, ndipo uziunge. Kwa hivo na wewe umeacha transmita yako ya dakika mbili?

#25 KijanaWaMajengo
Nimeshawishika na hio habari ya mama mlangoni.

#26 MwanaTudor
Jamani nina shida. Redio iko garini, injini ikizimwa sauti ni safi kabisa. Nikiwasha, mbinja. Wii nyembamba, nikikanyaga mafuta yapanda, nikiachia yashuka, kama mbu anayefuata injini. Stesheni za FM hazina mbinja, ni simu tu. Simu ilikuwa kwenye chaja. Nini hii?

#27 FundiKibokoni
Kitanzi cha erthi. Chaja yako yapata erthi kule kwenye tundu la sigara, redio ina erthi yake nyuma ya dashibodi, baina ya hizo mbili pana tofauti ya volti ndogo mno kwa sababu ya mkondo wa alteneta, ile mashine ya injini ya kuchaji betri, na simu yako imekuwa daraja. Ule mkondo wapita kwenye ngao ya waya wa oksi na amplifaya yausikia kama sauti. Chomoa chaja usikilize. Ikinyamaza, nunua transfoma ya kutenga ya oksi, ni kijisanduku kama kidole, sauti yavuka kwa sumaku na erthi hazigusani.

#28 Chuma_ya_Changamwe
Kwa heshima mzee wangu, mimi ni wa umeme wa magari na nasema ni alteneta. Gari imekaa miaka sita nje na chumvi ya Tudor Creek yapigwa na upepo usiku na mchana. Dayodi moja ya alteneta ikifa, umeme wa mawimbi wavuja kwenye betri. Chukua mita weka AC pima kwenye betri injini ikinguruma, ukipata zaidi ya nusu volti alteneta ifunguliwe. Kutia transfoma ni kumpa mgonjwa panadol.

#29 MkaziWaMtwapa
Mimi nawaza kapasita za ndani ya redio yenyewe. Zina miaka arobaini, zile za kemikali hukauka, na kapasita kubwa ya kuingiza umeme ikikauka haichuji tena. Nilibadilisha zote kwenye Blaupunkt ya mjomba, mbinja kwisha.

#30 Chuma_ya_Changamwe
Kama ni kapasita za redio mbona FM haina mbinja? Amplifaya si ni ile ile?

#31 MkaziWaMtwapa
Hapo umenishika. Ila yawezekana FM yaificha kwa kuwa sauti ya stesheni yajaza.

#32 BabaSerie
Angalieni na ule utepe wa shaba unaofunga injini na chasisi. Wangu ulikuwa umebaki unga wa kijani. Ukiwa mbovu mkondo watafuta njia nyengine, na ngao ya waya wako wa oksi ni njia.

#33 MwanaTudor
Majibu. Nimechomoa chaja, mbinja imepungua sana, nikiwa nje ya gari siisikii. Mzee Fundi alama moja.

Lakini nikiwasha taa kubwa yarudi, ndogo, na chaja haipo. Nimepima AC kwenye betri, 0.3. Si nusu lakini si sifuri. Utepe wa shaba una kijani upande wa chasisi, nimeupiga msasa, tofauti naona ipo au ni moyo wangu wataka iwepo.

#34 Chuma_ya_Changamwe
0.3 kwangu mimi ni dayodi imeanza kuchoka. Na taa kubwa ni mzigo, mzigo ukiongezeka alteneta mbovu hulia. Gari njema haipaswi kupita sehemu moja ya kumi ya volti.

#35 FundiKibokoni
Na mimi nasema taa kubwa zaongeza mkondo kwenye erthi ile ile ya dashibodi. Yaani dalili ni moja na sote twaisoma tofauti. Ngao umeunga upande mmoja tu, au na jeki imegusa chuma cha kisanduku cha majivu?

#36 MwanaTudor
Subhanallah. Kisanduku ni chuma. Na jeki ni ya chuma. Nitaangalia.

#37 DadaLikoni
Hapo 😄 kumbe erthi tatu si mbili.

#38 Kongowea_Kwetu
Mimi nafuata uzi huu kama mchezo wa mpira. Ekspanda nishafunga, sasa napata mpaka Pwani FM. Swali dogo, kwa nini usiweke tu redio mpya yenye sura ya zamani? Niliona Blaupunkt walitoa Bremen SQR 46 DAB, uso wake ni wa miaka ya 80 kabisa na ndani mna bluetooth na USB.

#39 Nahodha504
Naijua, ni nzuri mno, na Ulaya wako mafundi wanaotoa hata bodi yote ya ndani ya Becker wakatia mpya, uso na sindano ya masafa vikabaki. Lakini hapo swali langu kwa wote, ukitoa bodi yote bado ni redio ile?

#40 BabaSerie
Si ile. Ni nguo ya marehemu kavaa mtu mwengine.

#41 MkaziWaMtwapa
Ami mimi sikubaliani. Mimi nikibadilisha kapasita 20 na mkanda na taa, nimebaki na nini cha kiwandani? Gari yenyewe matairi si yale, mafuta si yale. La muhimu ni mkono ukigusa nobu uhisi ile ile.

#42 Nahodha504
Nobu ya Becker ina ule uzito wake ukizungusha, kweli.

#43 FundiKibokoni
Kabla sijasahau, wenye redio za Kijerumani za miaka ya 60 na 70 zisizo na kaseti, tazameni mgongoni. Nyingi zina soketi ya duara ya DIN ya kuunganisha kinasa sauti, na mna plagi fupi imekaa pale kama daraja. Ukiitoa redio yanyamaza kwa sababu hapo ndo tyuna na amplifaya zinapokutana. Hapo hamna haja hata ya kufungua redio, watia waya wako pale basi. Watu huzitupa zile plagi wakidhani ni takataka halafu waniletea redio eti imekufa.

#44 KijanaWaMajengo
Yangu mono imekubali na rezista mbili. Haina mbinja hata kidogo. Lakini mimi simu siichaji.

#45 Chuma_ya_Changamwe
Na alteneta yako ni mpya, uliniletea mimi mwezi wa tatu.

#46 KijanaWaMajengo
Hilo nalo kweli.

#47 MwanaTudor
Nimetenga jeki kwa ganda la plastiki, haigusi chuma. Transfoma nimetia. Na chaja ikiwa ndani mbinja haipo! Lakini taa kubwa na feni zote mbili kwa pamoja bado kuna kitu kwa mbali, na leo imekuja na tik tik tik ambayo haikuwepo jana.

Ila nawapa habari ya kaseti. Ganda lilikuwa limepasuka nikahamishia utepe kwenye ganda jengine, nikaupigisha kwa deki ya jirani na kuurekodi kwenye simu. Upande wa kwanza ni taarab kama nilivyodhani. Upande wa pili baba alirekodi redioni, Sauti ya Kenya, matangazo ya vifo. Mtangazaji asoma majina na vijiji na nani aarifiwe alipo. Nikajiuliza kwa nini mtu arekodi hayo. Jina la nne ni la babu yangu. Nilizaliwa nyuma ya hapo, sikuwahi kumuona, na sikujua kama tangazo lake liliwahi kusomwa.

Jana usiku nimeisikiliza garini, kupitia Becker, nimeegesha pale Mama Ngina. Nilizima injini.

#48 DadaLikoni
Innalillahi. Mungu awarehemu wote wawili. Hio sauti iweke mahali zaidi ya pamoja.

#49 BabaSerie
Amin. Mpigishie mama yako.

#50 MwanaTudor
Kashasikia. Ataka aisikie garini, lakini kwenye safari, si gari imesimama. Ndo maana hio tik tik yanisumbua.

#51 MkaziWaMtwapa
Tik tik ni cheche za plagi. Ni waya za plagi au kofia ya distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi. Mbinja ni alteneta, kupasuka pasuka ni cheche, wanafunzi wa umeme hufundishwa hivo.

#52 Chuma_ya_Changamwe
Au kondensa ya alteneta, yaani kapasita yake ya kuzima kelele, imekatika mguu. Iko nyuma ya alteneta, ndogo, fundi wengi huivunja wakifunga waya.

#53 FundiKibokoni
Au ni simu yenyewe ikitafuta mtandao, hata hio husikika tik tik kwenye waya wa oksi ikiwa karibu. Iweke kwenye hali ya ndege usikilize. Kama bado ipo, niletee gari Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, injini ikiwa baridi, tuiwashe kitu kimoja kimoja. Chuma na wewe njoo na mita yako, tusibishane humu.

#54 Chuma_ya_Changamwe
Nitakuja mzee. Alteneta naifungua mbele yako.

#55 Nahodha504
Mimi naleta 504 mniangalilie deki, na mahamri.

#56 MwanaTudor
Hali ya ndege nimejaribu sasa hivi, imepungua lakini haijaisha. Jumamosi saa moja niko Kibokoni inshallah, nakuja na mama.